Swali la zahanati hupanda hadi Dodoma, jibu lake huandikwa wilayani

Anayefuatilia Bunge asubuhi, kwa redio au kwa simu ya mkononi, anaujua mtiririko huu kwa moyo. Mbunge anasimama na kuomba swali lake lipatiwe majibu. Naibu Waziri wa TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, anasogea kwenye kipaza sauti: kwa niaba ya Waziri wa Nchi, anaomba kujibu swali la Mheshimiwa kama ifuatavyo. Serikali inatambua umuhimu wa kituo cha afya katika kata hiyo. Serikali itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Mbunge anasimama tena: pamoja na majibu mazuri ya Serikali, ana maswali mawili ya nyongeza. Majibu yawe mazuri yasiwe mazuri, maneno hayo hutangulia.

Lawama iliyozoeleka ni kwamba wabunge wetu ni wapole mno. Sidhani kama upole ndio ugonjwa wenyewe. Ukisoma Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, za miaka kadhaa mfululizo utakutana na wabunge wakali, wenye sauti na wenye uchungu wa kweli na watu wao, na bado wanaambulia jibu lile lile. Shida inaanza kabla hawajafungua mdomo: wanauliza mahali ambapo jibu halipo, na wanachokiulizia mara nyingi ni jengo, wakati mgonjwa anahitaji huduma.

Tuanze na mahali. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge mamlaka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Ni mamlaka mapana. Lakini fuatilia safari ya swali moja kuhusu zahanati ya kijiji. Mbunge analiwasilisha Ofisi ya Bunge. Linapelekwa TAMISEMI, kwa sababu zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri. TAMISEMI inaandikia mkoa, mkoa unamwandikia Mkurugenzi wa Halmashauri, Mkurugenzi anampa Mganga Mkuu wa Wilaya. Huyo ndiye anayempigia simu mtendaji wa kijiji kuuliza boma, yaani jengo ambalo halijakamilika, limefikia wapi: bado liko kwenye msingi, limefika kwenye lenta, au limeshapauliwa? Jibu linaandikwa hapo, halafu linaanza kupanda ngazi zile zile kurudi juu. Kila mkono unaolipokea hupunguza habari kidogo na kuongeza adabu kidogo, hadi linapofika kwenye kipaza sauti limebaki kutambua umuhimu na kuendelea kutenga fedha.

Sasa kumbuka kwamba mbunge wa jimbo ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Baraza hilo hukutana kila robo mwaka. Mkurugenzi anakaa pale mbele, Mganga Mkuu wa Wilaya yuko kwenye safu ya wakuu wa idara, na taarifa ya utekelezaji wa miradi imo kwenye makabrasha. Yaani mbunge anasafiri hadi Dodoma kwenda kumwuliza Naibu Waziri jambo ambalo aliyeliandikia jibu angeweza kumkuta kwenye ukumbi wa halmashauri, bila karatasi, mbele ya diwani wa kata hiyo hiyo anayejua kama mifuko ya saruji ilifika au haikufika.

Kwa nini basi asiulize huko? Sababu moja ni ya wazi na haina haja ya kuzungukwa: baraza la madiwani halirushwi na televisheni, na kipande cha dakika mbili cha mbunge akiibana Serikali kinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya jimbo lake kabla ya saa sita mchana. Lakini ipo sababu nyingine yenye uzito zaidi, na kwa hiyo simlaumu mbunge moja kwa moja. Halmashauri nyingi za vijijini zinaishi kwa ushuru wa mazao na ada ndogondogo. Mishahara inatoka Hazina. Fedha za miradi mikubwa zinatoka Hazina. Kibali cha kuajiri muuguzi kinatoka ofisi ya Utumishi wa Umma. Ugatuaji ulishusha wajibu wilayani na kuuacha mfuko juu, na mbunge anaufuata mfuko ulipo.

Na ni kweli swali la bungeni linatikisa. Halmashauri ikipokea barua inayosema kuna swali la Bunge, kazi nyingine husimama. Boma lililosahauliwa hupata mgeni, picha zikapigwa. Hilo nalo si dogo.

Ninapoachana na wabunge ni kwenye kile wanachokiulizia. Chukua maboma, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa mkate wa kila siku wa kipindi cha maswali. Wananchi wanachangishwa, wanasomba mchanga, wanafyatua tofali, wanapandisha kuta. Makubaliano yasiyoandikwa popote kwa wino mzito ni kwamba wakifika usawa wa lenta, Serikali inaleta fedha za kumalizia. Bungeni viwango vyenyewe vilishakuwa kama bei za sokoni: shilingi milioni 50 kukamilisha boma la zahanati, milioni 500 kujenga kituo cha afya, ambacho awali kilikuwa milioni 400. Zilipoanza tozo za miamala ya simu Julai 2021, sehemu ya makusanyo ilielekezwa kwenye vituo vya afya katika tarafa ambazo hazikuwa navyo, na maswali ya nyongeza yakawa mengi kweli: na tarafa yangu je?

Chimbuko la haya yote ni Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, ule MMAM wa 2007 hadi 2017, uliokuja na lengo linaloeleweka kwa kila mtu: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata. Ni kauli nzuri kwa jukwaa la kampeni na ni nzuri kwa swali la Bunge, maana kila kijiji kisicho na zahanati tayari ni swali. Tanzania Bara ina vijiji zaidi ya 12,000 na kata zinazokaribia 4,000. Mbunge hawezi kuishiwa.

Hesabu ya pili ndiyo isiyofanywa. Mwongozo wa ikama wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Zidisha 15 kwa vijiji 12,000: ni watumishi 180,000 kwa zahanati peke yake. Kituo cha afya kila kata kingehitaji wengine zaidi ya 150,000, na hapo hujagusa hospitali hata moja. Kwa mwendo wowote wa ajira tuliowahi kuuona, hiyo ni kazi ya vizazi. Katika Hansard nilizopitia sijakutana na swali la msingi lililoanza na kuzidisha huku, ingawa hauhitaji zaidi ya kalamu na nyuma ya bahasha. Angekuwepo mbunge wa kumwuliza Waziri kama lengo la zahanati kila kijiji bado lipo, na kama lipo watumishi wake watalipwa kwa bajeti ipi, jibu lake lingetufundisha mengi kuliko majibu mia ya maboma.

Badala yake jengo linakamilika, linapakwa rangi, linazinduliwa kwa mwenge, halafu linapata mtumishi mmoja au wawili. Akienda semina au akiugua, mlango unafungwa. Wengine wanapangiwa kijijini, wanaripoti, wanasaini mkataba, na kabla ya masika mawili kupita barua ya kuomba uhamisho iko njiani, kwa sababu nyumba ya mtumishi haikuwamo kwenye zile milioni 50. Uhakiki wa vyeti ulioitikisa Serikali mwaka 2017 uliondoa kazini watumishi zaidi ya 9,000, na sekta ya afya ilikuwa miongoni mwa zilizoguswa. Mtu anaweza kuunga mkono uhakiki ule kwa asilimia mia na bado akataka kujua ni zahanati ipi ilibaki na nani asubuhi iliyofuata. Swali la namna hiyo halina jengo la kuzindua, kwa hiyo halina mwenyewe.

Nisieleweke kwamba nadharau majengo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Huo ni upungufu mkubwa mno wa vifo, na ni vigumu kuueleza bila kutaja wodi za wazazi na vyumba vya upasuaji vilivyojengwa kwenye vituo vya afya tangu 2017, vingi kwa mfumo wa force account, yaani halmashauri kununua vifaa yenyewe na kuwatumia mafundi wa hapo hapo. Wabunge waliopiga kelele kuhusu vituo hivyo wana sehemu yao katika mafanikio hayo, na wanastahili kuidai. Lakini chumba cha upasuaji hakimwokoi mama bila mtaalamu wa usingizi, damu salama na umeme usiokatika.

Hapo ndipo mgawanyo wa wizara unapomchosha hata mbunge mwenye nia. Jengo ni la TAMISEMI. Kibali cha ajira ni cha Utumishi. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa, ambayo iko chini ya Wizara ya Afya. Maji ya bomba hadi zahanati ni ya RUWASA, Wizara ya Maji. Nguzo za umeme ni za REA, Wizara ya Nishati. Barabara ya kupita gari la wagonjwa ni ya TARURA, inayoturudisha TAMISEMI. Mbunge akitaka kujua kwa nini zahanati moja haijaanza kazi, kwa utaratibu uliopo anahitaji maswali matano kwa mawaziri watano katika siku tano tofauti, na kila mmoja atajibu kwa ukweli mtupu kwamba upande wake unaendelea vizuri. Mgonjwa hakutani na wizara tano. Anakutana na mlango mmoja.

Tiba ya hilo ilipaswa kuwa maswali ya nyongeza. Kwa mazoea ya Bunge letu, mwenye swali la msingi hupewa nafasi ya kuuliza mawili, na wabunge wengine mojamoja kadiri Spika anavyoruhusu. Ni silaha nzuri, maana Naibu Waziri hawezi kuliandalia karatasi kila swali la papo kwa hapo. Tazama inavyotumika. Mbunge wa pili anasimama na kusema tatizo la jimbo la Mheshimiwa aliyetangulia linafanana kabisa na la jimbo lake. Je, ni lini Serikali itajenga kituo katika kata yake? Wa tatu naye ana kata. Wa nne ana gari la wagonjwa lililoharibika. Naibu Waziri, ambaye dakika mbili zilizopita alikuwa amebanwa kuhusu kijiji kimoja, sasa anapumua: kila swali jipya linamtoa kwenye lile la mwanzo, na kila mmoja anajibiwa kwamba amepokewa. Wabunge sita waking'ang'ania zahanati ile ile moja, Serikali ingelazimika kusema kitu. Wakigawana dakika kumi kwa kata sita, hakuna anayepata chochote isipokuwa kipande chake cha video.

Halafu kuna lile ombi maarufu: je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami jimboni baada ya Bunge hili? Yuko tayari, siku zote yuko tayari. Ningelipa fedha yangu mwenyewe kuona orodha ya safari hizo zilizoahidiwa na zile zilizofanyika.

Kuna ukaribu mwingine unaolainisha meno. Mawaziri wetu ni wabunge. Dk. Festo Dugange, aliyesimama kujibu maswali mengi ya afya ya msingi akiwa Naibu Waziri TAMISEMI katika Bunge la 12, alikuwa pia mbunge wa Wanging'ombe, jimbo la vijijini mkoani Njombe lenye mahitaji yake. Anayeuliza leo anaweza kuwa Naibu Waziri kesho. Na baada ya uchaguzi wa 2020, chama cha upinzani cha CHADEMA kilibaki na jimbo moja tu la kuchaguliwa, Nkasi Kaskazini, kwa hiyo karibu kila aliyekuwa akiuliza na kila aliyekuwa akijibu walikuwa wakinadi ilani moja, ya CCM. Katika hali hiyo swali hugeuka ombi la ndani ya familia, likitanguliwa na pongezi kwa Mheshimiwa Rais ambazo mara nyingine huchukua nusu ya muda.

Wapo wanaosema tungefuata njia ya Kenya, ambako Katiba ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni. Sina hakika kama hilo lingetusaidia. Kule afya ya msingi ni kazi ya kaunti tangu 2013, na mbunge anayemwuliza Waziri jijini Nairobi kuhusu zahanati ya kijijini kwake anaweza kukumbushwa kwamba amebisha mlango usio wake. Wakenya waliishi miaka kadhaa bila mawaziri kujibu maswali mbele ya Bunge zima, hadi utaratibu ukabadilishwa wakaanza tena kuitwa mwaka 2023. Hata sisi tuna mpaka wa aina hiyo, ila hatuuoni sana: afya si jambo la Muungano, kwa hiyo zahanati ya Pemba inaulizwa Baraza la Wawakilishi Zanzibar, haiulizwi Dodoma.

Ninachokitamani kwa wengine ni kidogo na kikavu zaidi. Bunge la India, kwenye Lok Sabha, lina kamati ya ahadi za Serikali tangu 1953. Waziri akisema bungeni kwamba jambo litafanyika, maneno yale huokotwa na kuandikwa kwenye orodha, na wizara hutakiwa kuitekeleza ahadi ndani ya miezi mitatu au kuomba muda na kueleza sababu. Bunge la Uganda nalo lina kamati ya kufuatilia ahadi za Serikali. Sidai kwamba India imemaliza matatizo ya zahanati zake za vijijini; haijamaliza. Lakini huko ahadi ina namba na tarehe. Hapa kwetu sijawahi kuona orodha ya aina hiyo iliyo wazi kwa mwananchi, ambayo mtu wa kijijini angeweza kuifungua na kuona kwamba kijiji chake kiliahidiwa mwaka fulani, na waziri yupi, kwa fedha za mwaka gani. Imo yote kwenye Hansard, imefukiwa humo.

Na bado swali la asubuhi si silaha kali kuliko zote alizonazo mbunge. Aprili 2012, ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ilipowasilishwa, wabunge hawakuuliza lini. Walikuwa na vielelezo mkononi. Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alianza kukusanya saini za kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na mwezi uliofuata Rais Jakaya Kikwete akapanga upya Baraza la Mawaziri. Waziri wa Afya wa wakati ule, Haji Mponda, ambaye wizara yake ilikuwa imetoka kwenye mgomo wa madaktari, alikuwa miongoni mwa walioachwa. Ripoti za CAG hutua bungeni kila Aprili, na halmashauri zimo, kwa majina yao.

Aprili hiyo hiyo ndipo Bunge la Bajeti huanza. Hapo mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri, yaani kuzuia fungu hilo lisipitishwe, hadi apate maelezo, na akina TAMISEMI na Afya hupitia kwenye Kamati ya Matumizi fungu kwa fungu. Kwa vitendo, shilingi nyingi hurudishwa dakika chache baada ya kushikwa, na muda ukiisha mafungu yaliyosalia hupitishwa kwa pamoja. Juu ya yote inaning'inia Ibara ya 90: Bunge likikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja. Mbunge aliyetumia akiba yake yote kuutafuta ubunge hawezi kuisahau ibara hiyo. Lakini kati ya kukataa bajeti nzima na kurudisha shilingi baada ya kuambiwa Serikali ni sikivu, kuna nafasi kubwa ya kudai takwimu kwa maandishi kabla ya kupiga kura.

Kwa hiyo, yakifunguliwa maswali ya mkutano ujao, nina swali ambalo mbunge yeyote wa jimbo la vijijini anaweza kulichukua bila kunitaja. Ni zahanati na vituo vya afya vingapi vilivyokamilika katika halmashauri yangu tangu Julai 2021 ambavyo havitoi huduma hadi leo, na kila kimoja kinakosa nini kati ya watumishi, dawa, maji na umeme? La nyongeza la kwanza: kati ya watumishi wa afya waliopangiwa halmashauri hii katika kipindi hicho, wangapi waliripoti, wangapi wamekwisha kuhama, na nani alisaini uhamisho wao? La pili: tarehe fulani, katika ukumbi huu huu, Serikali iliahidi kijiji fulani kitu fulani, nayo Hansard ninayo mkononi, fedha hizo zilitoka Hazina siku gani, na zilifika akaunti ya zahanati siku gani?

Asianze na majibu mazuri ya Serikali. Na wenzake watano watakaosimama baada yake, kwa siku hiyo moja, waziache kata zao.